Kisanduku cha Jaji Hakina Stima

Base yetu, yaani kijiwe chetu, iko Majengo, Pumwani, pale ukuta wa karakana ya masanduku ya bati unapopinda kuelekea msikitini. Kiti ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mikebe miwili ya rangi iliyojazwa simiti, na mbele yake ni jiko la Qorane na birika zake mbili, moja ya kahawa chungu, nyingine ya tangawizi. Mimi nashona viatu hapo kando, kwa hivyo nasikia yote. Hapa kila kitu kinashukiwa. Maji yakipotea kwa mfereji, tunajua ni nani ameyafunga na anataka nini. Yakirudi, tunashuku zaidi. Ndiyo sababu Jumamosi ile alasiri Jaji alipotokea na waya mbili zikichungulia kwenye mkono wa shati, hakuna aliyemsogezea nafasi. Tulimtazama tu.

Jaji ni Kweyu. Aliuza kalamu na bahasha nje ya mahakama za Makadara miaka mingi, na tangu hapo hakubali neno lolote mpaka asikie pande zote mbili.

— Niaje wazee.

— Wazee wako poa, akajibu Griffins. Wewe ndio hatukuelewi. Hiyo ni nini inatoka kwa mkono?

Griffins tunamwita CID. Huuza kava za simu, lakini kazi anayoipenda ni kushuku watu.

— Mashine ya presha, Jaji akasema.

— Ya kupima?

— Ya kuteremsha.

CID akaweka kikombe chini polepole, kama mtu aliyeona nyoka.

Jaji akakunja shati. Upande wa ndani wa mkono, juu kidogo ya kifundo, palikuwa na vibandiko viwili vya gundi, vyeupe kama plasta, kila kimoja na waya wake mwembamba. Waya zilishuka hadi kwenye kisanduku mfukoni, ukubwa wa rimoti ya TV, chenye kitaa cha kijani.

— Inatoa shoti kidogo, akaeleza. Ile shoti inapita kwa neva. Neva inaambia mishipa ya damu ilegee. Mishipa ikilegea, presha inateremka. Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni.

— Nani alikuambia?

— Daktari Mukami. Kuna kliniki ya utafiti huko Kayole. Wanachunguza kama inasaidia.

— Ahaa! Wanachunguza! Kwa hivyo hawajui.

— Si ndio maana wanachunguza, CID.

— Buda, wanachunguza mashine ama wanakuchunguza wewe?

Qorane akacheka huku akimwaga kahawa. Jaji hakucheka. Kuhusu presha, Jaji hana mzaha, na sote tulijua kwa nini. Mwaka uliopita ndugu yake Mukhwana alikuwa kazini kwenye kiwanda cha sabuni Industrial Area. Aliinama kufunga kamba ya kiatu, akakaa chini, na hakuinuka tena. Walisema mshipa ulipasuka kichwani. Mukhwana alikuwa akiishi kwa Jaji, analala kwenye kochi la sebuleni. Pale kwenye matanga kuna vijana walikuja wakipima watu presha bure, na ya Jaji ikasoma mia na themanini na kitu. Tangu siku hiyo anatembea kama mtu aliyebeba mayai.

— Na imeshuka? nikamwuliza.

— Walinipima Alhamisi. Mia arobaini na kidogo.

— Walikupima na mashine yao? CID akauliza.

— Sasa wanipime na mashine ya nani?

— Si unaona! Mashine yao inateremsha, mashine yao inapima, mashine yao inasema imeteremka. Hata mimi nikijisahihishia mtihani nitapita.

Hapo mwisho wa ubao mtu akakohoa. Alikuwa Gachanja, fundi wa makochi, ambaye sisi humwita Sponji. Tangu Jaji afike alikuwa hajasema neno, na kwa Sponji hilo si jambo la kawaida. Akatazama huku na huku, kisha akavuta juu mkono wa sweta.

Naye alikuwa na vibandiko viwili. Na waya.

— Wewe! Jaji akaruka. Tangu lini?

— Tangu wiki ile yako. Nilikuona kwa foleni nikajificha nyuma ya mama mmoja mnene.

— Kwa nini usiniambie?

— Na wewe kwa nini hukuniambia? Niliogopa mtaanza kunihesabu na wagonjwa. Mtu akisikia fundi ana presha, hampi kochi abebe.

CID alisimama. Akazunguka ubao mzima akiwaangalia hawa wawili, mikono nyuma.

— Kumbe mmeingizwa wawili. Base moja, wawili. Hiyo si bahati.

— Keti, CID, akasema Qorane. Unaziba jua.

— Mimi nauliza tu. Sponji, yako inakufanya aje?

— Inafinya. Kama siafu wanatembea chini ya ngozi. Halafu hii gumba inaruka yenyewe, angalia.

Kweli, kidole gumba cha Sponji kilikuwa kinachezacheza kama kinabisha mlango.

Jaji akakiangalia kidole kile muda mrefu. Kisha akaangalia chake. Kilikuwa kimetulia kama kijiti.

— Yangu haifinyi, akasema.

— Hata kidogo?

— Sisikii kitu.

— Labda umezoea, nikasema.

— Tangu siku ya kwanza sijasikia kitu. Nilidhani ndio inavyofanya. Nilidhani ni mashine yenye heshima.

CID tayari alikuwa amekunja mkono wa shati lake.

— Leta hiyo yako.

Tulimbandika CID vibandiko vya Jaji. Kitaa kikawaka kijani. Tukangoja. CID akafumba macho, akafumbua.

— Hii ni taa tu, wazee. Hata tochi ya watoto ina kazi kuliko hii. Leta ya Sponji.

Sponji alibandua vyake taratibu, nywele za mkono zikimwuma. CID akavibandika. Kabla hatujamaliza kusema lolote akatoa sauti kama mbuzi, mkono ukaruka, na kikombe chake cha kahawa kikatua kwenye kiatu cha mteja wangu nilichokuwa nimemaliza kupaka rangi.

— Hiyo iko na stima! akapiga kelele. Hiyo ni stima kabisa! Toa! Toa!

Tukatoa. Nikafuta kiatu. Hakuna aliyecheka sana, maana Jaji alikuwa ameshika kisanduku chake kwa mikono miwili na uso umemshuka.

— Walituambia, akasema kwa sauti ndogo. Siku ya kwanza Daktari Mukami alituketisha akasema, mashine zingine ziko na stima na zingine hazina, na hata yeye hajui ni ya nani iko nayo na ya nani haina, mpaka mwisho. Ndio wajue tofauti. Akauliza kama kuna mtu hataki. Nikasema nataka.

— Sasa kama walikuambia, nikasema, kosa liko wapi?

— Nilisikia. Lakini nilidhani anaongea juu ya wale watu wengine.

— Hata mimi nilidhani anaongea juu ya wengine, akasema Sponji.

— Wewe ulikuwa sawa, Jaji akamjibu kwa ukali. Alikuwa anaongea juu yangu.

Hawa ni watu waliojuana tangu wakiwa na nywele nyeusi, lakini siku ile Jaji alimwangalia Sponji kama mtu aliyemwibia nafasi kwenye foleni.

— Wewe umeteremka mpaka wapi? akamwuliza. Na hiyo stima yako yote.

Sponji akajikuna shingo.

— Sijateremka.

— Nini?

— Imekwama pale pale. Mia sabini. Alhamisi walinipima mara mbili, yule dada wa kupima akanionea huruma.

Basi hapo ndipo base ilipowaka moto. Mwenye stima hajashuka, asiye na stima ameshuka. Kila mtu alikuwa na lake, na la kila mtu lilikuwa baya kuliko la mwenzake.

— Ni betri, akasema Qorane. Ya Kweyu ilikuwa na nguvu, ikaisha juzi tu.

— Nimekuambia sijawahi kusikia kitu, Qorane.

— Basi wamekosea majina, nikasema mimi. Presha ya Sponji wameandika kwa Kweyu, ya Kweyu wameandika kwa Sponji.

— Nilikuwa naangalia ile namba na macho yangu, akasema Sponji.

— Ni dawa, Qorane akajaribu tena. Kwani mliacha vidonge?

— Hapana. Daktari alisema vidonge tusiruke hata siku moja. Mimi, akasema Jaji, nakunywa vile vile tangu mwaka jana. Na mwaka jana yangu haikuwa inashuka.

CID alikuwa amenyamaza, na CID akinyamaza ujue anapika.

— Sikizeni, akasema. Mnaona mnavyokaa? Kila asubuhi, kabla Sponji afungue karakana yake, mko hapa. Ubao mmoja. Sponji amevaa yake ndani ya sweta, Jaji amevaa yake ndani ya shati. Bega kwa bega. Stima inatoka kwa nani? Inaingia kwa nani?

Tukaangalia ubao.

— Mbao haipitishi stima, nikasema.

— Mbao kavu! Hii imemwagiwa kahawa miaka mingapi? Hii si mbao tena, hii ni waya. Stima inaingia kwa Sponji, haikai, inapita kwa ubao, inaenda kumtibu Jaji. Sponji anabaki na kufinywa, Jaji anabaki na faida. Na hao watu wanajua! Ndio wakachagua wawili wa base moja!

Najua ulivyo, unasoma na unacheka. Lakini wakati ule Sponji aliinuka kwenye ubao. Aliinuka kabisa, akaenda kusimama karibu na ukuta, akishika kisanduku chake kifuani.

— Kweyu, kama umekuwa ukininyonya, sema.

— Wewe Gachanja umeingia wazimu?

— Nauliza tu.

— Jaji aende akae kwa lile jiwe, CID akaamuru. Mbali na ubao. Tuone kama itapanda.

Na Jaji, mtu mzima, aliyesikiliza mawakili nje ya mahakama miaka yote ile, alienda akaketi kwenye jiwe. Tukamwangalia. Yeye akatuangalia. Mwanamke mmoja akapita na karai la samaki, akatuangalia sote, akaongeza mwendo.

— Inapanda? CID akauliza.

— Nitajuaje inapanda? Kwani uko na ya kupimia?

Hatukuwa nayo. Base nzima haikuwa na kitu cha kupimia presha, na ndicho tu tulichohitaji tangu mwanzo.

Jaji akabaki palepale kwenye jiwe. Aliposema tena, hakuwa anabishana na CID.

— Jumatatu nawarudishia kitu yao. Mukhwana alikaa akingoja. Kichwa kilimwuma miezi, akasema atangoja amalize zamu za usiku ndio aende hospitali. Mimi sitakaa hapa ningoje na kisanduku cha taa. Kama kuna watu wanapewa ya ukweli na mimi nimepewa ya bandia, basi mimi nimechaguliwa kufa ili wao wajue tofauti.

Ni jambo moja kushuku maji na stima, na ni jambo lingine kumsikia rafiki yako akisema hivyo kwa sauti ya kawaida.

— Hakuna mtu amekuchagua ufe, Sponji akasema kutoka ukutani. Wewe ndio umeshuka, bana. Mimi ndio niko mia sabini.

— Imeshuka na nini? Niambie. Imeshuka na nini?

Ndipo Muhonja alipotokea. Muhonja ni mke wa Jaji, na tangu nianze kushona viatu pale sijawahi kumwona akisimama kwenye base. Hupita upande wa pili wa barabara, anapunga mkono, anaendelea. Siku ile alivuka moja kwa moja, leso kiunoni, mikono ina majimaji ya kijani ya mboga. Tuliinuka wote.

— Hamjambo, wazee.

— Hatujambo, Mama Mulama.

Akamwona mumewe kwenye jiwe.

— Baba Mulama, umeadhibiwa?

— Tunaongea tu.

— Saa yako ya jioni imefika. Nimepanga meza, nikangoja, nikaona nije.

Jaji akamwonyesha kisanduku.

— Hii kitu ni bure. Haina stima. Ya Gachanja ndio iko nayo. Jumatatu nairudisha.

CID akaanza kumweleza yale ya ubao, lakini Muhonja alimwinulia kiganja, na CID akakoma katikati ya neno. Muhonja akachukua kisanduku, akakigeuza, akakiweka sikioni kama mtu anayesikiliza saa.

— Haina kabisa?

— Kabisa.

— Na presha ilishuka.

— Ilishuka.

— Sasa ukiirudisha, jioni utakuwa unakaa wapi?

Jaji alifungua mdomo. Akatuangalia sisi, akaangalia ubao, akaangalia vidole vyake. Sisi tulijua jibu, na lilikuwa limesimama juu ya mikebe miwili ya rangi. Tangu Mukhwana azikwe, Jaji alikuwa akifika hapa saa za jioni na kukaa mpaka Qorane amwage majivu. Alikuwa hataki kuingia kwenye ile sebule. Wiki hizi za karibuni amekuwa akiondoka mapema, na CID alikuwa tayari na maelezo yake kuhusu hilo, ambayo sitayarudia mbele ya mke wa mtu.

Muhonja akaongea na sisi, si na yeye.

— Mwaka mzima alikuwa anakuja nyumbani watoto wamelala. Akiketi, anaketi jikoni, kwa mtungi wa maji, asione lile kochi. Halafu akaleta hii mashine. Daktari alisema lazima akae, mkono juu ya meza, asitembee, asikasirike. Meza iko sebuleni. Wiki ya kwanza alikaa bila kusema neno, mimi nachambua mboga. Wiki ya pili akaniuliza kama nakumbuka Mukhwana alivyokuwa akiimba akinyoa ndevu. Nikasema nakumbuka. Tangu hapo tunaongea. Kila jioni. Mimi sikujua kama iko na stima ama haina. Sikuuliza.

— Mboga gani? CID akauliza.

— Eti?

— Unachambua mboga gani? Inaweza kuwa ni ile mboga.

— Nyamaza, Griffins, Qorane akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita kwa jina lake.

Jaji alikuwa ameinamisha kichwa. Muhonja akamrudishia kisanduku, akakiweka mkononi mwake na kumfunga vidole juu yake. Kisha akamgeukia Sponji, aliyekuwa bado ameegemea ukuta.

— Na wewe, Baba Wacera? Hiyo yako unakaa nayo na nani?

Sponji akatabasamu, kama mtu anayetaka kusema mzaha. Mzaha haukuja. Sote tunajua chumba chake, nyuma ya karakana, magodoro yasiyo na vitambaa yamepangwa mpaka dirishani. Mama Wacera alirudi Nyeri kulea mamake, miaka ikapita, akabaki huko. Wacera mwenyewe ameolewa Nakuru. Sponji akaanza kuzungusha waya zake kwenye kidole, akazungusha, akazungusha, mpaka zikaisha.

— Beba vitu vyako, twende, Muhonja akasema. Meza ni kubwa. Leo kuna mboga ya saga na ugali.

— Shemeji, mimi siwezi kuja kuwasumbua.

— Nani amesema utasumbua? Utakaa kwa kochi.

Jaji akainua kichwa aliposikia neno hilo. Tukamwona akilifikiria. Lile kochi halikuwa limekaliwa na mtu tangu mwaka uliopita.

— Njoo, Gachanja, akasema mwishowe. Hata hivyo spring za upande wa kushoto zimelegea. Utaangalia.

— Spring za kushoto nilikuambia tangu zamani.

— Sasa si nimekubali.

Wakavuka barabara watatu, Muhonja mbele, hawa wawili nyuma wakibishana kuhusu spring, kila mmoja na kisanduku chake mfukoni. Nilimwona Sponji akipunguza mwendo ili Jaji asiachwe nyuma. Wakapinda kwenye kona ya duka la nafaka, wakapotea.

Nikarudi kwa viatu vyangu. Qorane akachochea makaa yaliyokuwa hayahitaji kuchochewa. CID alikaa peke yake katikati ya ubao, mikono kati ya magoti, na kwa muda mrefu hakumshuku mtu yeyote.

— Lakini sasa, akasema hatimaye, Sponji naye akishuka, yule Daktari Mukami atajua aje ni nini imemshusha?

Nilimwangalia Qorane. Qorane aliinua birika ya tangawizi, akaitikisa, akainamisha juu ya kikombe cha CID. Yakatoka matone mawili na machicha.

— Imeisha, akasema.